Mtungi Haukuwa Mbovu

Mwanangu Skola,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa majirani wa jumuiya kuombewa safari, mimi nimebaki hapa dukani kwa kisingizio cha kulinda friza. Friza gani ya kulindwa? Ipo palepale miaka yote, inanguruma kama mzee aliyeshiba, na mwizi atakayetaka kuibeba itabidi kwanza aje kutuomba tumsaidie kuinyanyua. Nimebaki kwa sababu sijui nitakaa vipi kwenye maombi ya kukuaga wakati kila mtu pale anajua nilichosema.

Nilisema sitakusindikiza. Nilisema mbele ya baba yako mkubwa aliyeshuka kutoka Mkumbi kuja kukupongeza kwa ufadhili wako wa masomo, mbele ya mama yako, ugali ukiwa katikati yetu: "Anataka Ufini, aende. Lakini mimi simsindikizi, na maji ya baraka simpulizii." Baba yako mkubwa aliacha kutafuna. Wewe ulinyanyuka ukaenda kunawa, na tangu siku ile kati yetu ni shikamoo baba, marahaba, basi. Kesho asubuhi gari linapanda Mbinga na wewe umo. Nina jioni hii tu ya kulirudisha lile neno. Kwa mdomo nimejaribu mara nyingi, kila mara nikaishia kukuuliza kama kuku wamefungiwa.

Mambo ya masweta, ya pasipoti, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, siyaandiki. Mama yako amekwisha kukuambia, kesho atakuambia tena, na ukifika Songea atapiga simu kuuliza kama uliyasikia. Mimi nataka kukuandikia habari za mtungi.

Kabla sijaanza nimeweka kikombe hapa mezani, kile cha plastiki cha bluu chenye mpini ulioungua. Nimetia mabonge ya barafu, nikamimina maji mpaka ukingoni kabisa, na mabonge yametokeza juu ya ukingo. Unakikumbuka kikombe hiki na unajua kwa nini nimekiweka. Naandika huku nakitazama.

Mimi ni mtu wa mlimani, na kwa mtu wa Mkumbi maji ni kitu cha kukamatwa. Ndiyo maana tunachimba ngolo, yale mashimo yaliyojipanga ubavuni mwa mlima. Mvua ikinyesha kila shimo linashika fungu lake, udongo haukimbii, mahindi yanakunywa taratibu. Nilikua nikimkatia mama yangu majani ya kupanga shambani kabla hajachimba, na nilidhani hakuna jambo la maji nisilolijua. Kisha nikashuka Mbamba Bay kununua dagaa wa kwenda kuuza juu, nikakuta maji ambayo ng'ambo yake huonekana siku za hewa safi tu. Nikakuta pia msichana kutoka Lituhi akianika dagaa. Alikuwa ananicheka kwa sababu nilisimama mbali na mawimbi, viatu mkononi.

"Kaka wa mlimani," aliniambia, "ziwa halimfuati mtu mpaka nchi kavu."

Huyo ndiye mama yako. Mpaka leo akinikasirikia ananiita kaka wa mlimani, na mpaka leo sijui kuogelea.

Nilipoamua kuhamia huku, bibi yako wa Mkumbi hakutaka. Alikuwa amenitengea kipande cha mteremko na kahawa yake, na mimi namwambia nakwenda kukaa na watu wa samaki. Wiki nzima hakunitazama usoni. Lakini asubuhi ya kuondoka alinifuata mpaka njiani na kikombe cha maji. Akapiga funda, akayashika mdomoni, kisha akanipulizia kifuani kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Ilikuwa Julai, unajua baridi ya Mkumbi. Niliruka kama mbuzi. Akacheka mpaka akashika mti, akaniambia, "Nenda baba. Ngolo zako nitazilima mimi." Nilishuka mlima na shati limelowa, na sijawahi tena kujisikia salama namna ile. Kitu hicho ndicho nilichokunyima mbele ya watu. Nimekiona uzito wake baada ya kukitamka, na nikawa na kiburi cha kukaa nacho.

Sasa mtungi.

Friza ilipofika ulikuwa darasa la tatu. Umeme ulikuwa umeingia mtaani kwetu, nami nikauza pikipiki na kila kilichouzika. Nilitaka kugandisha maji ili wachuuzi wapandishe samaki aina ya mbasa Mbinga bila kuoza. Kwa mara ya kwanza hapa ufukweni nikawa mtu wa maana. Watu walikuja kuifunua tu, wakaingiza uso ndani, wakapigwa na ubaridi, wakaondoka wanacheka. Wewe ulikuwa ukilamba mikono yako iliyoshika barafu mpaka mama yako akakuuliza kama nyumbani hakuna chakula.

Mwaka uleule ukapokea Komunyo ya Kwanza, na wajomba zako walikuwa wanakuja kwa boti kutoka Lituhi. Unakumbuka pale konani sebuleni palikuwa na mtungi mdogo wa maji ya kunywa. Aliufinyanga bibi yako mzaa mama kwa mikono yake. Mama yako aliupakata kwenye boti alipokuja kuolewa, na bibi alipofariki hakubaki na kitu kingine kilichotoka kwenye mikono ile. Wageni wa kwao walinyweshwa humo, si penginepo. Mimi nikawaza: hawa wakwe zangu wananiona mtu wa mlimani asiyejua maji. Kesho nitawanywesha maji ya mtungi wao wenyewe, yenye ubaridi ambao hawajawahi kuuonja.

Jioni mama yako alikuwa kwa jirani akikaanga maandazi. Nikaujaza mtungi mpaka mdomoni. Nikaufunika kwa sahani, na sahani nikaifunga kwa mpira wa baiskeli, nikaukaza kwelikweli ili maji yasije yakawamwagikia samaki wa watu. Nikausimamisha ndani ya friza, nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi nilipofunua, ulikuwa umepasuka kuanzia shingoni mpaka karibu na kitako. Vipande vimeachana, na katikati barafu imesimama yenyewe ikiwa na tumbo la mtungi na shingo ya mtungi. Mama yako alikuja nyuma yangu akaangalia. Hakupiga kelele. Alitoa vipande kimoja kimoja, kisha akaona kitu ambacho mimi sikukiona. Ile mistari ya vidole ambayo mama yake aliiacha ndani ya udongo alipokuwa akiusawazisha ilikuwa imejichapa kwenye barafu. Aliweka vidole vyake juu ya mistari ile, akavishikilia hapo mpaka vikafa ganzi, na chini ya vidole vyake mistari ikaanza kuyeyuka.

"Baba Skola," akasema, "ulikuwa na haraka gani?"

Na mimi, mwanangu, badala ya kusema nisamehe, nikasema, "Mtungi wenyewe ulikuwa mbovu. Haukuchomwa vizuri." Nikalirudia neno hilo mchana mbele ya wajomba zako, kwa sauti, na kicheko juu yake. Walikunywa maji ya ndoo. Hawakunijibu, kwa sababu ilikuwa sikukuu yako na ulikuwa umevaa gauni jeupe.

Kitako cha mtungi kilibaki kizima. Mama yako alikiweka uani, kuku wanywee maji. Kila asubuhi nakipita nikienda kufungua duka.

Wewe ndiye uliyenisumbua. Mtoto mwingine angelia mtungi umevunjika, wewe ukauliza, "Baba, yale maji mengine yalitoka wapi?" Nikakuambia hakuna maji mengine, acha maswali. Ukachukua chupa ya maji ya plastiki, ukaijaza nusu, ukachora mstari wa mkaa pale maji yalipofika, ukaiweka kwenye friza yangu bila ruhusa. Yalipoganda, barafu ilikuwa imepita mstari. Ukaitundika chupa kwenye mizani ya samaki, ukasoma. Ukaisubiri iyeyuke, maji yakarudi palepale mstarini, ukapima tena, uzito uleule. Ukaja mbio dukani nikiwa na wateja.

"Baba! Hayaongezeki! Ni yaleyale, ila yakiganda yanataka nafasi kubwa! Mtungi haukuwa mbovu, ulikosa nafasi!"

Nikakufukuza. Wateja wakacheka, na mmoja akasema huyu binti atakufilisi kwa kufunuafunua friza. Mimi nilikuwa nimeshasikia na nimeshaelewa, na nikakasirika kwa sababu nimeelewa.

Hukukoma. Jumapili moja ukaniletea kikombe hiki cha bluu, kimejaa maji mpaka pomoni na barafu imetokeza juu. Ukaniuliza, barafu hii ikiyeyuka, maji yatamwagika? Nikasema lazima yamwagike, hata mtoto mdogo anaona. Ukasema hayatamwagika. Ukasema barafu ni nyepesi kwa nafasi inayochukua, ndiyo maana inaelea na kutoa kichwa nje, na ikiyeyuka itasinyaa iingie kwenye pengo lilelile ililolichimba ndani ya maji. Uliyasema hayo kama mtu anayesoma masomo kanisani. Halafu ukaweka dau.

"Yakimwagika, sitasema tena habari ya mtungi. Yasipomwagika, umwambie mama haukuwa mbovu."

Nikakubali, maana nilikuwa na uhakika. Tukakaa, mimi na wewe, viwiko mezani. Nakumbuka ulikuwa umesukwa mistari na ulinukia mafuta ya nazi. Barafu ikapungua, ikazama kidogokidogo, ikawa kigae, ikaisha. Maji yakabaki ukingoni, hayakupanda wala hayakushuka.

Ila kikombe kilikuwa kimetoa jasho nje, na chini yake meza imelowa. Nikaweka kidole pale. "Unaona? Yamemwagika. Nimeshinda."

Ulinitazama, Skola. Ulieleza kwa sauti ndogo kwamba hayo ni maji ya hewani, yanashika kikombe cha baridi, na mbona ndani hayajapungua. Nikasema dau ni dau. Ukachukua kitambaa ukafuta meza, ukaenda zako, na kweli hukusema tena habari ya mtungi mbele yangu. Ulitimiza ahadi ya dau uliloshindwa kwa hila yangu. Nimefanya makosa makubwa kuliko hilo maishani, lakini hakuna linaloniuma kama hilo, kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa na haki, na ulijua kwamba najua.

Nashukuru hukuacha kuuliza wengine. Ungeniacha mimi niwe mwisho wa maswali yako, leo usingekuwa unakwenda kusoma habari za maziwa na maji yake.

Kabla ya siku ile ya ugali, uliponionyesha kwenye simu picha za huko uendako, watu wanatembea juu ya ziwa na watoto wao na mbwa, nilikurudishia simu bila neno. Ulidhani nimedharau. Niliogopa, mwanangu. Mimi ambaye naogopa ziwa likiwa maji, nitalala vipi nikijua unatembea juu yake likiwa barafu? Na nilijiuliza swali la kijinga: samaki wa huko wanakwenda wapi? Sikukuuliza wewe, nilimuuliza mama yako, naye kama kawaida alikuja kukuuliza wewe, nami nikasikiliza nyuma ya pazia.

Ulimwambia maji yakipoa yanazidi kuwa mazito, yanazama. Lakini yakikaribia kuganda yanabadili tabia, yanaanza kutanuka, yanakuwa mepesi, yanabaki juu na kugandia hukohuko juu. Ulimwambia ni kama waumini siku ya Pasaka. Kwenye benchi wanabanana, lakini wakinyanyuka wakashikana mikono kucheza, watu walewale wanataka uwanja. Barafu inaufunika uso wa ziwa, inazuia baridi isishuke, na chini maji yanaendelea kuwa maji, samaki wanaishi mpaka jua lirudi. Ingekuwa barafu ni nzito, ingezama, ziwa lingejaa barafu kuanzia chini na kila kitu kingekufa. Mama yako akasema, "Kumbe Mungu aliwafikiria samaki." Nami nyuma ya pazia nikasimama na kuwaza habari zangu mwenyewe.

Usidhani wiki hizi zote za marahaba, basi, nilikuwa hivyo mpaka chini. Juu nimeganda, hilo sikatai. Chini nilikuwa nakusikia unavyofungasha, nilikuwa najua siku uliyokwenda kuchukua viza, nilikuwa naamka kuangalia kama taa yako inawaka. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukuambia, na sikukuambia hata mara moja. Sababu ya kukukatalia ni moja tu na si nzuri. Wewe ni mtoto wetu pekee, nami nilitaka nyumba yangu ijae mpaka mdomoni, kila mtu awe ndani, halafu nifunike na sahani na kufunga na mpira. Nilishafanya hivyo mara moja na nikaona kilichotokea, na bado nilitaka kufanya tena.

Kama kuna jambo moja nimejifunza kwa kugandisha maji ya watu miaka yote hii, ni kuacha nafasi shingoni. Hata kijana wangu wa dukani namfundisha hivyo kabla ya kumfundisha kufunga mfuko. Kwa watu ndiyo nimechelewa kuijua. Huko utakutana na rafiki, labda na mchumba, na siku moja na mtoto. Utapenda wajae wakae. Mimi sina maneno makubwa ya kukupa. Nakumbuka tu mistari ya vidole inayeyuka na mimi nimesimama pale natafuta wa kumlaumu. Ukivunja kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo. Mimi nimengoja mpaka leo.

Ndiyo, leo. Mama yako alikuwa anajifunga kitenge aje huko maombini, nikamwambia, "Mama Skola, ule mtungi haukuwa mbovu. Niliujaza mno nikaufunga. Mama yako aliuchoma vizuri."

Aliacha kujifunga. Nilidhani atalia, au ataniita kaka wa mlimani. Akasema, "Nilijua asubuhi ileile. Nani mtoto wa mfinyanzi, mimi au wewe?" Kisha akaketi kitandani kidogo. "Lakini nilitaka kulisikia. Kila nikiwanywesha kuku nilitaka kulisikia." Akanyanyuka, akamaliza kujifunga, akanigusa bega, akatoka. Nimekaa na mkono ule begani tangu hapo.

Nasikia mnaimba wimbo wa mwisho, maana sauti ya mama yako imewapita wengine wote. Mtarudi sasa hivi.

Nimeangalia kikombe. Barafu imekwisha. Maji yapo ukingoni, hayakupanda, hayakushuka. Meza imelowa, lakini ni jasho la nje tu. Nimelifuta kwa kitambaa, kama ulivyolifuta wewe siku ile. Umeshinda, mwanangu. Ulishinda tangu ulipokuwa darasa la tatu, na mimi baba yako nilikudhulumu.

Maji haya simwagi. Nimeyafunika kwa karatasi, bila kufunga. Bonge la barafu mtu hawezi kumpulizia mtoto, lazima kwanza liyeyuke, na hili limeyeyuka. Kesho nitapanda gari pamoja nawe mpaka Mbinga, baba yako mkubwa atatukuta stendi, na atakayenikumbusha nilichosema mbele ya ugali nitamwambia ni kweli nilikisema.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Ukitoka chumbani asubuhi utanikuta mlangoni. Utasema shikamoo baba, na mimi sitaitikia. Usihuzunike, na wala usirudi nyuma. Sogea tu karibu, kwa sababu mdomo wangu utakuwa umejaa maji.

Baba yako